Rudisheni maneno kwenye vitufe: barua ya wazi kwa wasanifu wa kompyuta huria

Arua, Uganda

Kwenu ndugu wasanifu wa GNOME, wa KDE Plasma, wa Xfce, wa Cinnamon na wa maeneo-kazi mengine yote ya Linux, ninyi mnaoamua kitufe kikae wapi na kiwe na sura gani,

Salaam nyingi kutoka Arua. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua wengi wenu hamkisomi, na itabidi mtafute mtu wa kuwaeleza nilichosema, mumuulize mara mbili, kisha mbaki na wasiwasi kama amewaeleza sawasawa. Ndivyo wanafunzi wangu wanavyokaa mbele ya kazi yenu kila siku.

Nafundisha kompyuta kwa watu wazima, chumba kimoja, mashine 11, zinazowaka 9. Darasani nina Walugbara wa hapa mjini, Wakakwa wa Koboko, Wanubi, Wakongo wanaovuka kutoka Ariwara, wakimbizi wa Sudan Kusini na wazee wawili waliostaafu jeshi. Kiingereza wengine walikiacha shule ya msingi. Kiganda ni lugha ya Kampala, na Kampala ni safari ya usiku mzima kwa basi. Kinachotukutanisha ni Kiswahili, kile cha sokoni, cha kambini na cha mpakani.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: rudisheni maneno kwenye vitufe, halafu mtuachie nafasi maneno hayo yawe ya kwetu kweli.

Nianze na ndoo. Mwaka jana mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, aliandika barua ya kuomba mkopo kwenye kikundi chao cha akiba. Ilimchukua vipindi vitatu, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza nilimwambia aiweke mahali salama. Akaangalia skrini, akaona picha ya ndoo, akaiburuta barua yake mpaka ndani ya ndoo. Alikuwa na hoja. Kwake ndoo ndiyo ghala: maji yanakaa kwenye ndoo, unga kwenye ndoo yenye mfuniko, mukene wenyewe kwenye ndoo juu ya meza. Takataka hazipewi ndoo. Takataka zina shimo nyuma ya nyumba, na zikijaa zinachomwa. Siku tatu baadaye mwanafunzi mwingine aliyekalia mashine ile ile aliambiwa nafasi imekwisha, akaimwaga ndoo. Mama hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, “Mwalimu, sasa ndoo ya nini kama haitunzi?”

Sikuwa na jibu. Ninyi mnalo?

Kijana mwingine ni fundi wa boda boda. Nilimwambia afungue mipangilio, akabonyeza ile gia, halafu akakaa kimya mikono magotini. Dirisha lilikuwa limefunguka nyuma ya jingine, hakuliona. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, “Sproketi hiyo, mwalimu. Injini inafanya kazi, tuiache imalize.” Ile mistari mitatu iliyolala, ambayo Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, kwangu imeshaitwa ngazi, imeshaitwa kitanda, na mzee mmoja wa jeshi akaiita usajini. Diski laini inayomaanisha kuhifadhi hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Wanaidhania kabati, au kitabu cha benki.

Mtasema kila ishara hufundishwa, na mtu akishajifunza hasahau. Kweli. Lakini angalieni kinachotokea akishaondoka darasani. Jioni ananipigia simu: kompyuta ya kanisa imekwama, afanye nini? Kama kitufe kina neno, kazi ni nyepesi: “Bonyeza palipoandikwa Hifadhi.” Anasoma herufi kwa herufi, anakipata. Kama kitufe ni picha tupu, tunaanza kutegana vitendawili kwa simu, dakika zinakwenda na salio linakwenda nazo. “Kuna kitu kama nyota.” “Ina miguu mingapi?” “Si nyota, ni kama mkono.” Neno linatamkika. Linaandikika kwenye daftari, na daftari ndilo mwalimu wa pili wa kila mwanafunzi wangu. Juzi nilifungua daftari la yule mama nikakuta amechora vitufe kimoja kimoja kwa kalamu, na chini ya kila kimoja ameandika neno lake kwa mkono. Amefanya kwa wino kile ambacho skrini ilikataa kumfanyia.

Yale maelezo yanayojitokeza ukiuweka mshale juu ya kitufe na kutulia hayajibu hoja hii. Mtu anayeogopa kuharibu hatulii juu ya kitu asichokijua. Anakikwepa.

Sisemi haya kama adui. Zamani, sijawa mwalimu, nilipokea posta sidii ya Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, iliyotumwa kwangu bure, wakati ule walipokuwa wakimtumia yeyote aliyeomba. Nilikwenda na kitambulisho nikitegemea nidaiwe ushuru. Karani akanipa bahasha, akaniambia nenda. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wenu, na nimewagombania kwenye vikao vya wazazi, kanisani, hata kwenye msiba mmoja, ambapo sikupaswa.

Wala siombi mniongezee mipangilio. Havoc Pennington wa GNOME alieleza mwaka 2002 kwamba kila chaguo unalomwekea mtumiaji lina gharama: linahitaji kupimwa, linaweza kuharibika, na linamchosha anayelitafuta jingine. Mimi nakubaliana naye kuliko hata baadhi yenu. Wanafunzi wangu hawataki kuchagua rangi ya kivuli cha dirisha. Ila kupunguza chaguo ni jambo moja, na kumnyang'anya mtu jina la kitu ni jambo lingine. Mara nyingi mmefanya la pili mkadhani mnafanya la kwanza, kwa sababu yote mawili yanaifanya skrini ionekane safi. Wenye kuuona usafi huo ni ninyi. Mwanafunzi wangu anaona chumba kisicho na kitu.

Na ile mistari ya pembeni ya kuteremshia ukurasa, ambayo siku hizi inajificha mpaka uisogelee. Nani aliwalalamikia kwamba inaonekana? Nina wanafunzi waliojaza nusu ya fomu wakaniita kunionyesha kwamba wamemaliza, maana hakuna kilichowaambia chini kuna zaidi. Wakiambiwa, wanahangaika kukamata uzi mwembamba kwa mausi iliyoshiba vumbi la Arua, ambayo mshale wake unaruka kama panzi. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha tangu 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Ninyi mnalijua hilo kuliko mimi, mnalifundishana. Basi mbona uzi?

Mbaya zaidi ni pale mnapohamisha. Tulikuwa na mfumo mmoja, jina naliacha, ambao darasa zima liliuzoea kwa miaka miwili. Likizo moja nikaweka toleo jipya, nikifuata ushauri wa usalama. Jumatatu wanafunzi waliingia wakakuta orodha ya programu imetoka chini imekwenda kwingine, vitufe vya dirisha vimepungua, na kuzima mashine kumefichwa ndani ya pembe. Wanne hawakurudi wiki iliyofuata. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba kumbe hakuwa amejifunza kompyuta, alikuwa amekariri. Hilo liliniuma kuliko hasara yoyote ya fedha, kwa sababu si kweli: alikuwa amejifunza, ila alichojifunza kilikuwa kimehamishwa usiku.

Historia yenu wenyewe ina somo hili. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwaketisha watu mbele ya GNOME, ikawatazama wakikwama, ikaandika ripoti. Mwaka uliofuata ikatoka GNOME 2 na mwongozo wa usanifu unaoeleweka, na kwa miaka kadhaa mtu aliyejifunza leo alijua kesho atakuta nini. Ikaja GNOME 3 mwaka 2011, ikageuza meza. Waliokataa wakaichukua GNOME 2 na kuiendeleza kwa jina la MATE, na mpaka leo ipo. Ubuntu nao wakajenga Unity yao, na mwaka 2017 wakatangaza kuiacha. Sisemi nani alikosea. Wapo wanaoipenda GNOME ya sasa, na mimi nyumbani naitumia. Nasema tu kwamba kila zamu ya namna hiyo ina bili yake, na analipishwa mtu ambaye hakuwa kikaoni.

Msiniambie kuna viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea, vya kurudisha mambo ya zamani. Toleo la GNOME 45 lilipotoka mwaka 2023, namna ya kuvipakia viendelezi ilibadilika, na vyote vya awali vikahitaji kufanyiwa marekebisho na wenyewe. Siwezi kujenga darasa juu ya kitu hicho.

Mtanijibu kwamba mnapima siku hizi. Mwaka 2022 GNOME waliwaomba watumiaji watume kwa hiari taarifa za namna wanavyoitumia kompyuta, na majibu zaidi ya 2,500 yakaingia. Ni jambo zuri, na matokeo waliyaweka hadharani. Lakini ili uhesabiwe ilibidi usakinishe kifurushi, ufungue dirisha la amri na uandike jina lake. Yule mama wa mukene angehesabiwa vipi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hasa usipouona hata kwenye mizani.

Sasa niingie kwenye maneno yenyewe, maana hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Kwa Kiingereza, kufunga dirisha na kufunga skrini kwa paswadi ni maneno mawili tofauti. Kwetu yote ni Funga. Mtafsiri wetu, anayejitolea saa za usiku, anaona mstari mmoja mtupu kwenye orodha ya mistari elfu kadhaa, bila picha, bila kuambiwa kitufe hiki kinakaa wapi. Anaandika Funga, anakwenda mbele. Mwanafunzi anataka kufunga dirisha, anajikuta nje ya mlango anadaiwa paswadi asiyoijua. Kuna neno jingine la Kiingereza, “free”, ambalo kwetu linaweza kuwa bure, huru, au nafasi iliyobaki kwenye diski, na nimewahi kuona kompyuta ikitangaza kwamba ina gigabaiti ishirini za bure, mwanafunzi akauliza ofa inaisha lini. Vifaa vya kuepuka haya mnavyo. Mfumo wa gettext, unaotumika kutafsiri programu, unamruhusu mwandishi wa programu aweke muktadha na maelezo kwa mtafsiri. Ni mstari mmoja kwa kila neno, tena hauli umeme.

Halafu upatanisho. Mnaandika kiolezo: jina la kitu, kisha neno moja la kusema kimefutwa. Kwenu neno hilo halibadiliki. Kwetu faili limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa, mafaili yamefutwa, nyimbo zimefutwa. Mkituachia kiolezo kimoja kwa vyote, kompyuta itasema “kitabu imefutwa”, kama mgeni aliyeshuka Entebbe juzi. Mnaujua ule utani wa majirani, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikafia Kenya na kuzikwa Uganda? Basi programu zenu zinakifukua, zinakivunja mbavu, zinakizika upya. Dawa ipo: kila ujumbe uandikwe mzima kwa kila aina ya kitu, sentensi isiunganishwe vipande vipande kama chapati ya jana. Najua inaongeza mistari. Mistari hiyo tutaitafsiri sisi.

Na saa. Hapa siku inaanza kuhesabiwa asubuhi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Wanaosema Kiganda nao wanahesabu vivyo hivyo kwa lugha yao, kwa hiyo kusini au kaskazini mwa nchi hakuna atakayeshangaa. Mchungaji mmoja aliweka kikumbusho cha ibada ya saa tatu asubuhi. Akaandika 3. Kompyuta ikamkumbusha saa tisa alasiri, watu wakiwa wamekwisha kula. Sidai mbadilishe saa ya dunia. Kisanduku kingeandika tu “alasiri” kando ya ile 3 badala ya zile herufi mbili za Kilatini, PM, mchungaji angeshtuka mapema.

Uganda yenyewe haimo. Kwenye mashine zetu, ukichagua Kiswahili unapewa cha Kenya au cha Tanzania. Cha Kenya kinakuletea shilingi ya Kenya, cha Tanzania shilingi ya Tanzania. Ukitafuta Uganda upande wa tarehe na fedha, unapata Kiganda, na majina ya miezi yanageuka Kiganda, yakisomwa na Mlugbara na Mkongo wanaotazamana. Hifadhidata ya Unicode, wanaoweka viwango vya lugha kwenye kompyuta, inakitambua Kiswahili cha Uganda, na Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Tangu 2020 watoto wa Senior One na Senior Two, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, wanakisoma kwa lazima. Faili la mazingira ya lugha, linaloieleza kompyuta lugha, tarehe na fedha za nchi, ni dogo kuliko picha moja ya ukutani mnazotuwekea kila toleo. Hapa lakini nijipige kifua: hakuna aliyetuzuia kuliandika na kulituma. Tumekaa tukilaumu.

Lawama yetu ni kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wetu hapa tulikuwa bado hatujagusa kibodi. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na tafsiri nyingi za eneo-kazi bado zimeishia njiani: menyu ya juu Kiswahili, ya chini Kiingereza, ujumbe wa hitilafu Kiingereza tupu, tena hitilafu ndipo mtu anapohitaji lugha yake zaidi. Mwaka huu tumeanza kutafsiri darasani, maneno kumi kila Alhamisi, tunabishana sana. “Ghairi” ilikataliwa kwa kura. Hakuna aliyelijua isipokuwa mzee mmoja aliyekaa Mombasa. Tukaweka “Acha”.

Mawili mafupi, kisha niwaachie. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini inatozwa ushuru wa asilimia 12. Kabla yake tulikuwa tukilipa shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp. Dirisha la masasisho linapoleta kitufe cha kukubali, liandike ukubwa wa mzigo kwa herufi zinazoonekana, kabla ya kubonyeza, si baada. Najua mnatambua simu ya Android inapogawa intaneti, mkajizuia kupakua ovyo, ahsanteni. Modemu yetu ndogo haikutambuliwa, na bando la wiki likaisha kabla ya chai.

La pili ni mgeni. Kila mashine yangu ina watu saba au wanane kwa wiki. Ubuntu ilikuwa na kikao cha mgeni: unaingia, unafanya kazi, ukitoka kila kitu kinafutika. Ilipohamia GNOME mwaka 2017, kikao kile hakikuhama nayo. Ninyi mnamchora mtumiaji kuwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake. Hapa mtu mwenye kompyuta yake ni habari.

Nawasukuma sasa kwa sababu mlango umefunguka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 ambayo mashine zetu nyingi hazina. Nimeshapigiwa simu na walimu wa Nebbi, Yumbe na Moyo wakiuliza waweke nini. Nawaambia wawaweke ninyi. Halafu wananiuliza kama wanafunzi wataielewa, na hapo nameza mate.

Njooni mtazame. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana, saa yetu. Tutawapa viti nyuma. Masharti ni mawili: msiseme neno, na msiguse mausi. Mama wa mukene ameandika barua yake upya na mkopo ameupata, lakini siku hizi kila anachoandika anakichapa kwenye karatasi kabla ya kuondoka, shilingi 500 kwa ukurasa, na akiona ile ndoo anageuza uso.

Mwalimu wa kompyuta,
Arua